Mtungi Uliofungwa kwa Sababu ya Nyuki

Mwau anaogopa mapovu. Haogopi nyoka, haogopi wezi wala mkuu wa shule. Anaogopa mapovu. Nimefanya kazi naye miaka minane katika maabara ya shule yetu ya kutwa, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka soko la Tulia, na mpaka Ijumaa ile ya Septemba nilikuwa nikimcheka waziwazi. Mimi ndiye mwalimu wa kemia, Ndunge, mwenye digrii na mdomo usiotulia. Yeye ni fundi wa maabara, mtu wa miaka hamsini na minane, na hana cheti chochote ila barua ya kuajiriwa ambayo karatasi yake imeshageuka rangi ya chai.

Siku za kutengeneza haidrojeni utamwona vizuri. Atapanga kila kitu mezani: asidi, vipande vya zinki, mirija, kijiti na kiberiti. Halafu ataondoka polepole, atavuka kizingiti, na atasimama kando ya tangi la maji akiwa ametupa mgongo. Mwanafunzi atapeleka kijiti chenye moto kwenye mdomo wa mrija, gesi italia "pwa!", darasa litacheka, na hapo ndipo Mwau atarudi kuosha vyombo. Wanafunzi walimbatiza jina la Mzee wa Mlangoni. Nikawaacha. Kusema kweli, jina lenyewe nadhani lilitoka kinywani mwangu.

Sababu aliniambia mara moja tu, tukiwa tunaosha mirija. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na tisa alifanya kazi Sultan Hamud, kwenye kibanda cha kuchaji betri za malori, yeye na binamu yake Kitonga. Betri ya lori ikichajiwa, umeme hupasua sehemu ya maji yaliyomo: haidrojeni hutoka upande mmoja, oksijeni upande mwingine, na unayaona mapovu yakipanda. Vifuniko lazima vilegezwe ili gesi ijiendee. Siku hiyo upepo ulikuwa unaleta vumbi la barabara, Kitonga akavikaza. Baadaye akataka kuona kama maji ya betri yametosha. Kibanda kilikuwa na giza. Akafungua kifuniko kimoja akawasha kiberiti.

"Alikuwa anaimba," Mwau aliniambia. "Hiyo wimbo ilikatika hapo tu."

Kitonga yuko hai, anakaa kwa dada yake Emali. Jicho moja halipo, na lile la pili linaona mwanga wa mlango tu, basi. Mimi nilisema pole, nikaendelea kuosha mirija, na Jumatatu iliyofuata nikamcheka tena. Ndivyo nilivyokuwa.

Sasa mtu wa namna hiyo, anayekimbia povu moja kwenye mrija, ndiye aliyekuja kutengeneza mapovu ya mtungi mzima kila Ijumaa. Miaka mitatu iliyopita homa ya matumbo iliingia shuleni. Maji yetu ya kiangazi yanatoka kwenye visima vya mchanga mtoni, punda wanakunywa upande huu na sisi tunachota upande ule. Wanafunzi thelathini na mmoja waliugua, na tukamzika msichana mmoja wa kidato cha kwanza. Dawa ya kutibu maji ilikuja mara moja ikaisha. Wiki ile baada ya mazishi Mwau alikuja na mtungi wa plastiki wa lita ishirini, fimbo nyeusi za kaboni alizozitoa ndani ya mawe ya tochi, yaani betri ndogo, yaliyokufa, na waya mrefu.

"Mwalimu," akasema, "hii electrolysis mnafundisha, si inaweza kutuwekea dawa kwa maji?"

Inaweza. Chumvi ya jikoni ikiyeyuka ndani ya maji haijabadilika kuwa kitu kingine. Chemsha yale maji yakauke na chumvi yako utaikuta chini ya sufuria. Lakini pitisha umeme wa sola ndani yake na mambo yanageuka kabisa. Kwenye fimbo chanya inatoka klorini. Kwenye fimbo hasi inatoka haidrojeni. Magadi makali yanabaki ndani ya maji, yanakutana na klorini, na kile kinachopatikana ni ile dawa inayong'arisha nguo nyeupe na kuua vijidudu. Kikombe kimoja kinatosha pipa zima. Haidrojeni haina kazi kwetu. Inatakiwa kutoka tu, ipande juu, ipotee.

Kwa hiyo Mwau alitoboa matundu mawili ubavuni mwa mtungi, juu ya usawa wa maji, akapitisha nyaya humo na kuziba kwa raba ya tyubu iliyoyeyushwa. Mdomo wa mtungi aliuacha wazi. Waya aliufanya kuwa na urefu wa hatua kumi na mbili, ili akitaka kuuchomoa auchomolee kule kwenye paneli ya sola, mbali na gesi, kwa maana waya ukichomolewa hutoa cheche. Nilimwuliza kama anapeleka umeme mpaka mji wa Mwingi. Aliendelea kuupima. Kila Ijumaa baada ya gwaride la asubuhi aliweka paneli chini kwenye jua, mtungi peke yake uwanjani nyuma ya jikoni, halafu akaja kukaa maabara kwenye kiti ambacho dirisha lake linatazama huko. Hakuliacha hilo dirisha mpaka saa nane mchana. Tangu hapo hatujamzika mtoto mwingine kwa sababu ya maji.

Na chumvi ilitoka wapi? Kwa Kanini, mpishi wetu mkuu, ambaye sote tunamwita Mama Kasyoki. Kila Ijumaa asubuhi Mwau aliingia jikoni na kopo lake, naye akampimia. Hakuuliza ni ya nini. "Dawa ya maji," Mwau alimwambia siku ya kwanza, na mazungumzo yakaishia hapo miaka mitatu.

Ijumaa ninayoisimulia nilikuwa na kidato cha pili asubuhi. Niliwapeleka dirishani nikawaonyesha ule mtungi. Niliwaeleza kila kitu: klorini, haidrojeni, kwa nini mdomo uko wazi, nini kitatokea ukifungwa. Watoto arobaini na wawili wakaandika kwenye madaftari. Mama Kasyoki alikuwa hatua hamsini kutoka hapo, akichagua mawe kwenye mahindi ya muthokoi, na hakuna mtu katika shule nzima aliyewahi kufikiri kwamba naye anatakiwa kujua.

Mwau hakuwa kwenye kiti chake. Mkuu wa shule alimtuma ofisi ya elimu kupeleka orodha ya vifaa vya mtihani, na pikipiki ilimchelewesha. Kabla ya kuondoka Mwau aliniambia, "Mwalimu, niangalilie hiyo mtungi." Nikasema sawa. Kisha nikakaa kusahihisha madaftari nikiwa nimelipa dirisha kisogo.

Septemba kwetu hakuna tone la maji mahali popote wazi. Nyuki wakisikia harufu ya maji wanakuja kama waliotumiwa ujumbe, na kufikia saa tano walikuwa wamejaa kwenye mdomo wa ule mtungi. Muhula uliopita msichana mmoja aliumwa na nyuki kwenye foleni ya chakula, uso ukafura mpaka macho yakafungika, na Mama Kasyoki ndiye aliyembeba mgongoni mpaka zahanati. Alipoona nyuki safari hii alifanya kile ambacho mama yeyote wa Ukambani angefanya, kile alichofundishwa tangu alipoanza kubeba maji: alifunika. Alichukua kipande cha karatasi ya nailoni, akakitandaza mdomoni mwa mtungi, akakaza kifuniko juu yake kwa nguvu za mikono yake yote miwili, kama tunavyokaza tunapompakia punda maji ili yasimwagike tone. Halafu, ili nyuki waondoke kabisa njiani mwa watoto, akauburura ule mtungi mpaka ndani ya stoo ya kuni na kurudisha mlango. Waya ulifika. Hatua kumi na mbili za woga wa Mwau zilitosha kabisa.

Paneli ilibaki juani. Umeme ukaendelea kwenda.

Saa sita na nusu nilisikia kelele upande wa jikoni. Nilipogeuka niliona wapishi wawili wakikimbia na Kilonzo, mlinzi wetu, akiwa na panga. Nikatoka. Wanafunzi wa foleni ya kwanza, kama sitini hivi, walikuwa wameshajipanga na sahani kwenye dirisha la jikoni.

"Nyoka!" Kilonzo aliniambia. "Iko kwa stoo, chini ya kuni. Bafe. Nimeiskia na maskio yangu."

Nilisogea. Na mimi nikaisikia: "Sssss." Ikanyamaza. Kisha tena, ndefu zaidi. Bafe ni nyoka mfupi mnene anayepumua kwa hasira kabla ya kuuma, na kila mtu kwetu anaijua ile sauti. Nikarudi nyuma haraka. Digrii yangu haikuniambia chochote.

Nyoka aliye chini ya kuni hapigwi na panga, maana humwoni. Anatolewa kwa moshi. Mama Kasyoki, ambaye hajui kukimbia, alikuwa ameshafunga matambara kwenye ncha ya mti mrefu, akayachovya kwenye mafuta ya taa, na sasa alikuwa akitoka jikoni na ule mti ukiwaka. Alikuwa anaelekea mlango wa stoo. Alipouvuta ukafunguka kiasi cha mkono, na harufu ikanijia, ile harufu kali ya dawa ya nguo inayochoma macho. Nikaangalia chini. Nikaona waya mweusi ukipita chini ya mlango.

Nilijua. Nilijua mara moja kwamba ule mlio ni gesi inayopenya kwenye raba za nyaya, na sauti yangu haikutoka. Ninaandika hili kwa aibu. Kinywa changu, ambacho hakijawahi kukosa neno la kumcheka mtu, kilifunguka kikabaki hivyo hivyo.

Aliyepiga kelele ni Mwau. Pikipiki ilikuwa imemshusha getini wakati uleule, akaona mtungi haupo mahali pake na waya unaingia stoo. Alikuja mbio akiwa ameshika koti mkononi, mzee mzima, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayechinjwa.

"Mama Kasyoki! Moto! Tupa moto! Tupa mbali!"

Mama Kasyoki aligeuka. Sijui aliona nini usoni mwa yule mzee, lakini hakuuliza swali. Aliuzungusha ule mti na kuurusha uwanjani, mbali na jengo, ukaangukia mchangani ukiendelea kuwaka.

Kilonzo, akidhani anasaidia, aliinama kuukamata waya ili auvute.

"Usiguse hiyo waya!" Mwau akamfikia, akamsukuma kifuani. "Ukitoka huko ndani ni cheche! Usiguse!"

Alikimbilia paneli. Hata kuigeuza ilale kifudifudi hakuthubutu, waya usije ukavutika. Alitandaza koti lake juu, likafunika nusu. Mama Kasyoki, aliyekuwa amemfuata, alifungua leso yake kiunoni, akaikunja mara mbili na kufunika nusu iliyobaki. Bila jua hakuna umeme. Yeye hakulijua hilo. Aliona tu mzee anatafuta cha kufunikia.

Nikadhani yameisha. Mwau aliyainua macho yake polepole kwenye ukuta unaotenganisha stoo na jikoni. Ukuta ule haufiki kwenye mabati. Juu yake kuna pengo la kupitisha hewa, linaloenda moja kwa moja jikoni, na haidrojeni haina tabia nyingine ila kupanda juu. Upande wa pili kulikuwa na majiko matatu yanawaka, muthokoi inachemka, na nje ya dirisha watoto sitini na sahani zao.

"Hizo moto," akasema. "Zizimwe. Watoto watoke hapo. Mwalimu, toa watoto."

Hapo sauti yangu ilirudi. Niliwafukuza wale watoto kama mbuzi, wengine niliwapiga na sahani zao wenyewe, mpaka upande wa pili wa uwanja. Kilonzo alikwenda nao. Nilipogeuka Mwau alikuwa bado amesimama palepale, macho kwenye mlango wa jikoni. Miguu yake ilikataa. Miaka karibu arobaini ya Kitonga ilikuwa imemshika pale na haikumwachia.

Mama Kasyoki alimtazama. "Ni kuzima tu?" akauliza.

"Ni kuzima. Maji mingi, pole pole, usirushe kuni. Lakini Mama Kasyoki—"

"Sijui naogopa nini," akasema, "lakini nimeogopa." Akaingia.

Nilihesabu mabati ya paa lile. Yako ishirini na nne. Nilisikia jiko la kwanza likilia kwa maji, mvuke mweupe ukatoka dirishani. La pili. Kisha kimya, kirefu, na ndani ya kile kimya ile sauti ya stoo ikasema tena "sssss". Mwau aliomba kwa Kikamba bila kutoa sauti, midomo tu. Mtoto mmoja nyuma yangu alianza kulia. Ndipo jiko la tatu likalia, na baada ya muda Mama Kasyoki akatoka, mikono majivu matupu mpaka viwikoni, akiipangusa kwenye gauni.

"Imezimwa yote," akamwambia Mwau. "Sasa ni wewe."

Mwau akaenda. Sitasema aliacha kuogopa, alikwenda akilia. Aliuvuta mlango wa stoo ukafunguka wote, akasimama nje mpaka hewa ipite, akahesabu kitu fulani kwa vidole, kisha akaingia. Alitoka ameukumbatia ule mtungi kifuani kama mtoto mgonjwa, waya ukiburuta nyuma. Mbavu za mtungi zilikuwa zimefura zikawa duara. Aliuweka katikati ya uwanja, mbali na yale matambara ambayo Kilonzo alikuwa ameshayafukia mchangani, akageuza uso pembeni, akafumba macho, na kuanza kulegeza kifuniko, kidogo, akingoja, kidogo tena. Ulipumua kwa muda mrefu. Kisha ukanyamaza, na Mwau akakaa chini mchangani.

Siku ile watoto walikula saa kumi, na hakuna aliyelalamika.

Jumatatu Mwau alimwomba mkuu wa shule dakika kumi za gwaride. Alikuja na chupa ya soda ya plastiki, ya nusu lita, ambayo alikuwa ameijaza haidrojeni aliyoichanganya na hewa, akaifukia nusu mchangani, mbali kabisa, mwisho wa uwanja. Alifunga kijiti kwenye ncha ya mti mrefu kuliko ule wa Ijumaa. Nikadhani ataniita mimi.

"Mama Kasyoki," akasema, "hii nataka uwashe wewe. Nitakuonyesha."

Alimweleza mbele ya shule nzima, kwa Kikamba, polepole, akimwonyesha kila kitu: chumvi yako inaenda hapa, umeme unafanya hivi, hii inabaki ndani na kuua ugonjwa, hii inatoka, na hii inayotoka ikikutana na hewa na moto inageuka maji tena, lakini inageuka kwa kishindo. Hakwenda kusimama kando ya tangi. Alisimama nyuma ya Mama Kasyoki, mkono wake juu ya ule mti pamoja na wa mama.

Ilipolia, mabati ya jikoni yaliitikia. Njiwa waliruka kutoka paa la ofisi. Wanafunzi walipiga mayowe na kucheka, kisha kicheko kikaisha chenyewe, maana Mama Kasyoki hakucheka. Alikwenda mpaka pale chupa ilipokuwa. Aliokota kipande cha plastiki, kisha kingine, kilichokuwa kimerukia mbali. Akatazama jikoni, akatazama stoo, akarudi.

"Hiyo ilikuwa chupa," akasema.

"Ndio," Mwau akajibu.

"Na Ijumaa ilikuwa mtungi. Na stoo mzima."

Mwau alivitazama vile vipande vya plastiki.

"Miaka tatu, Mzee. Miaka tatu chumvi imetoka kwa mkono yangu. Hawa watoto walikuwa wanajua?" Akawageukia kidato cha pili. Hakuna aliyeinua macho. Akanigeukia mimi. "Mwalimu, wewe ulikuwa unajua?"

Nilisema ndiyo.

"Aka! Kwani kuniambia kungekuwa maneno ngapi?"

Nilimwona Mwau akihesabu kweli, midomo ikisogea, kama alivyohesabu mlangoni mwa stoo.

"Mawili," akasema. "Usifunge kifuniko. Ni maneno mawili tu, Mama Kasyoki."

Mama Kasyoki aliviweka vile vipande vya plastiki kwenye kiganja chake Mwau, akakikunja kile kiganja, na akaenda kuwasha moto wa uji.